Gari la Shamba Linavuja Oili? Tafuta Chanzo, Usifuate Tone



Leo tunaacha mbegu na mbolea kidogo, tunaingia chini ya boneti. Somo hili ni kwa ajili yako kijana uliyenunua pikapu, Hiace au kirikuu ili mzigo uupeleke sokoni mwenyewe badala ya kumsubiri dalali shambani. Gari hilo sasa ni kifaa cha shamba kama ilivyo pampu ya maji. Likikwama siku ya kuvuna, nyanya hazikusubiri.

Mchukulie mkulima wa Ilula anayepeleka nyanya Dar es Salaam. Safari ni zaidi ya kilomita 400. Anashuka mlima Kitonga akiwa na matenga juu, na akirudi anaupanda. Oili ikiwa imepungua sana, pampu ya oili inavuta hewa, vyuma vinasuguana vikavu, na hapo ndo unasikia injini imenoki. Injini ikishanoki, faida ya msimu mzima inaweza kuishia gereji.

Hasara ya pili ni ya upande wa matengenezo. Unaambiwa "sili ya nyuma ya krenki imekufa", gia boksi linashushwa, hela inatoka, gari linalala siku tatu. Wiki inayofuata tone liko palepale. Kumbe oili ilikuwa inatoka juu kabisa, kwenye gasketi ya kava ya tapeti, inateremka mgongoni mwa injini na kudondokea kwenye maungio ya injini na gia boksi. Kilichobadilishwa kilikuwa kizima.

Kwa hiyo shika jambo moja: mahali tone linapodondokea si lazima ndipo panapovuja. Oili inateremka kufuata chuma, na gari likitembea upepo unaisukuma kuelekea nyuma. Ni kama shambani. Jani la nyanya lenye mabaka linaweza kuwa na kantangaze au bakajani. Ukipiga dawa ya ukungu kwenye kantangaze, umepoteza hela na mdudu anaendelea kula. Kwanza geuza jani, tazama, ndipo ununue dawa. Kwenye injini ni hivyohivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni oili ya injini

Gari lina vimiminika vingi. Ukilala usiku, tandika boksi safi la karatasi chini ya injini na gia boksi, uweke alama upande wa mbele ni upi. Asubuhi soma boksi lako:

- Rangi ya kahawia hadi nyeusi, inateleza, iko chini ya injini: ni oili ya injini. Kwenye dizeli huwa nyeusi mapema, hivyo weusi peke yake usikutishe.
- Nyekundu na nyepesi: mara nyingi ni ya gia boksi la otomatiki au ya pawa stelingi.
- Nzito, yenye harufu kali kama ya kiberiti, iko katikati au nyuma ya gari: ni oili ya gia au ya difu.
- Kijani, nyekundu au pinki lakini ni majimaji: ni maji ya radieta yenye kuleta ubaridi.
- Nyepesi, ya njano hafifu, iko karibu na tairi: ni mafuta ya breki. Hapo usiendeshe kabisa, mwite fundi ulipo.
- Maji matupu masafi, na ulikuwa umewasha AC: ni kawaida.

Hatua ya 2: Pima unapoteza kiasi gani

Weka gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili iteremke. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha chomoa usome. Kwa injini nyingi za gari dogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja.

Andika kwenye daftari lako la shamba tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, na oili uliyoongeza. Ukifanya hivyo kwa safari tatu au nne utajua unachopoteza. Ukiongeza nusu lita kila wiki kwa msimu wa wiki 20, hizo ni lita 10. Kwa gari dogo hiyo ni oili ya sevisi mbili au zaidi imeishia barabarani. Weka bei ya dukani kwako uone kama gasketi haikuwa nafuu.

Angalia na kinyume chake pia. Kama oili inapungua lakini boksi ni safi na injini ni kavu, inawezekana inaungua ndani. Dalili yake ni moshi wa bluu kwenye ekzosi. Hilo si tatizo la kuvuja, na gasketi mpya ya nje haitalitibu.

Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unajiwekea akiba. Oili ikizidi, krenki inaichapa inatoa povu, na povu halilainishi vyuma vizuri. Presha ndani ya injini nayo inaweza kupanda na kusukuma oili kwenye sili.

Hatua ya 3: Osha injini kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na hapa ndipo wanapopotea. Injini iliyojaa oili na vumbi la miaka mitatu haiwezi kukuambia chochote.

Injini iwe imepoa. Funika altaneta, mdomo wa kuvutia hewa na viunganishi vya umeme kwa mifuko ya nailoni. Paka sabuni ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya kiasi. Pasipo sabuni hiyo, mafuta ya taa kidogo kwenye brashi yanafanya kazi, ila yafute yote na uache pakauke kabla ya kuwasha. Usitumie petroli. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu.

Osha mahali ambapo maji hayaendi kwenye mfereji wa umwagiliaji wala kisimani. Wewe ni mkulima, udongo na maji ndivyo vinavyokulisha.

Hatua ya 4: Washa, tazama kuanzia juu

Injini ikishakauka, iwashe ikiwa imesimama kwa dakika 10 hadi 15. Chukua tochi, tazama kuanzia juu kwenda chini, mbele kwenda nyuma. Usitie mkono wala nguo inayoning'inia karibu na feni na mikanda inayozunguka. Usipoona kitu, endesha kilomita 20 au 30 kisha rudi kutazama, maana kuna sehemu zinavuja injini ikiwa ya moto na inafanya kazi tu.

Kama bado huna uhakika, zima injini ikauke vizuri, halafu nyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu unazozishuku. Endesha mzunguko mfupi. Oili ikitoka italowanisha poda na kuchora mstari. Fuata mstari huo kwenda juu. Pale palipolowa juu zaidi na mbele zaidi ndipo pa kuanzia.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tafuta stendi imara, weka kigingi kwenye matairi, vuta hendibreki. Jeki ikiteleza haitoi onyo.

Hatua ya 5: Zijue sehemu zinazovuja mara nyingi

Zikague kwa mpangilio huu, kutoka juu na rahisi kwenda chini na ngumu.

*Kifuniko cha kujazia oili.* Raba yake ikikakamaa, oili inarukia juu ya kava. Ni kitu kidogo, usikipite.

*Gasketi ya kava ya tapeti.* Raba hii inapikwa na joto kila siku, mwisho inakuwa ngumu kama plastiki. Oili inateremka ubavuni au nyuma ya injini. Ikidondokea ekzosi utasikia harufu ya kuungua na kuona moshi chini ya boneti ukisimama. Hiyo ni hatari ya moto.

*Switchi ya presha ya oili.* Ni kile kidude chenye waya kilichofungwa kwenye bloku. Kikifa ndani, oili inapenya katikati yake na kulowesha waya. Kinaweza kuchafua upande mzima wa injini, na kukibadilisha ni kazi fupi.

*Filta ya oili.* Kama uvujaji umeanza mara tu baada ya sevisi, anza hapa. Mara nyingine raba ya filta ya zamani inabaki imenata kwenye injini, filta mpya inafungwa juu yake, raba zinakuwa mbili. Hiyo inaweza kufumuka ghafla na kumwaga oili yote. Filta mpya ipake oili safi kwenye raba, ifunge kwa mkono, ikigusa ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au fuata maelezo yaliyoandikwa kwenye filta yenyewe.

*Nati ya sampu na gasketi ya sampu.* Nati ya kumwagia oili ina washa yake, na washa iliyochoka inavuja. Wengi wanakazia kwa nguvu zote, nyuzi zinakufa, tatizo la washa linageuka tatizo la sampu nzima.

*Mabomba ya oili.* Injini yenye tabo ina bomba la kupeleka na la kurudisha oili. Kwenye dizeli nyingi za Toyota za 2L, 3L na 5L, pampu ya vakyumu ya breki imekaa nyuma ya altaneta na inalishwa oili ya injini. Bomba lake likichoka, oili inaonekana upande wa altaneta na watu wanaitafuta kwingine.

*Sili za mbele: ya krenki na ya kamshafti.* Oili inaonekana nyuma ya pulii au chini ya kava ya taimingi. Kwa injini zenye beliti ya taimingi, kama hizo 2L, 3L na 5L, hili si la kuahirisha. Oili inaharibu raba ya beliti. Beliti ikikatika kwenye dizeli, valvu zinagongana na pistoni. Ukifungua hapo, badilisha sili na beliti kwa pamoja.

*Sili ya nyuma ya krenki.* Hii iko kati ya injini na gia boksi, na ndiyo inayolaumiwa kuliko zote. Kuibadilisha lazima gia boksi lishushwe. Kwa hiyo iwe ya mwisho kwenye orodha. Kabla hujakubali, hakikisha mgongo wa injini juu ya maungio ni mkavu. Ukiwa umelowa, oili inatoka juu. Ukiwa mkavu na oili inatoka ndani ya maungio, hapo sili ina kesi ya kujibu. Ila fundi ainuse na kuilinganisha na oili ya gia, maana sili ya mbele ya gia boksi nayo inavujia hapohapo.

Swali ambalo fundi wengi hawaulizi: injini inapumua?

Gesi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kuingia chini kwenye krenki. Kila injini ina bomba la kupumulia la kuitoa, na nyingi zina valvu yake. Bomba likiziba kwa uchafu, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea. Inasukuma oili kwenye sili na gasketi, hata zile nzima.

Ndiyo maana kuna gari linabadilishiwa sili leo, baada ya mwezi linavuja tena. Kama linavuja sehemu tatu au nne kwa wakati mmoja, chomoa bomba hilo, lisafishe, kagua valvu yake. Halafu washa injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha oili taratibu. Pumzi kidogo ni kawaida, hasa kwenye dizeli. Ikipuliza kwa nguvu na moshi mzito hata baada ya bomba kusafishwa, ringi za pistoni zimechoka. Hapo uamuzi ni mwingine, na kununua sili tu ni kumwaga maji kwenye gunia.

Kutengeneza: mfano wa kava ya tapeti

Kazi hii kijana mwenye spana na subira anaiweza, na hata ukimpa fundi, simama ujue anachofanya.

1. Injini ipoe kabisa. Chomoa vya juu vinavyozuia, piga picha kwa simu kabla ya kila kitu unachotoa.
2. Fungua nati kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuja katikati. Inua kava taratibu, usiling'oe kwa bisibisi.
3. Toa gasketi yote ya zamani. Futa sehemu zote mbili zinazokutana mpaka zikauke. Aluminiamu usiikwaruze, mkwaruzo ni njia ya oili.
4. Weka gasketi mpya na raba za nati kama zinauzwa nazo. Silikoni paka kidogo tu kwenye kona na maungio yaliyoelekezwa na mtengenezaji. Ikizidi, vipande vinadondoka ndani na vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo umetibu kikohozi kwa kuziba pua.
5. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa raundi mbili au tatu, kwa kipimo cha spana ya toki kama ipo. Kukaza kupita kiasi kunapinda kava na kupasua raba.
6. Silikoni kama umetumia, ipe muda ulioandikwa kwenye tyubu. Washa, kagua, endesha, kagua tena siku ya pili.

Lipi lisubiri, lipi lisisubiri

Katikati ya mavuno huwezi kusimamisha gari kwa kila doa. Tumia vipimo hivi.

Linasubiri: injini ina unyevunyevu wa oili, hakuna tone chini, dipstiki haishuki. Osha, andika, endelea kutazama.

Lipangie siku ya karibuni: matone machache kila usiku, dipstiki inashuka polepole. Pima kila asubuhi kabla ya safari, beba lita moja ya oili ya aina ileile, tengeneza kati ya mchumo mmoja na mwingine.

Usipakie mzigo: oili inadondokea ekzosi, inagusa beliti ya taimingi, klachi inateleza kwa kulowa oili, au dipstiki inatoka alama ya juu hadi ya chini kwa safari moja. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka unaendesha, paki pembeni salama na uzime injini hapohapo. Taa ile inapima presha, haipimi ujazo. Ikiwaka, vyuma vinaweza kuwa tayari havipati oili. Usiseme "nifike tu pale mbele."

Kuhusu dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa ndani ya injini: baadhi hulainisha raba iliyokauka na kupunguza tone kwa muda, ila hazizibi gasketi iliyopasuka wala nati iliyokufa nyuzi. Kuweka oili nzito kuliko inayotakiwa ili isitoke nayo si tiba, kwa sababu asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu ya injini.

Ukienda gereji, uliza haya

Usimfundishe fundi kazi, ila pesa ni yako. Muulize kwa heshima: "Fundi, umeona inatokea wapi? Nionyeshe kwa tochi. Umeosha kabla ya kutazama? Bomba la kupumulia umelikagua? Tukifungua hapa, kipi kingine kibadilishwe palepale?" Kwa mfano, gia boksi likishushwa, klachi iliyobaki kidogo ibadilishwe siku hiyohiyo, maana kazi ya kushusha unailipia mara moja. Omba kifaa cha zamani ukione. Fundi mzuri anapenda mteja wa namna hii.

Oili chafu usiimwage shambani

Oili iliyotumika ina masizi na chembe za chuma. Ikiingia kwenye udongo au maji haitoki kirahisi. Ikinge kwenye dumu lenye kifuniko, ipeleke gereji inayokusanya. Usiipake kwenye vidonda vya mifugo. Kwenye bodi la gari nako, mazao ya sokoni yasikae mahali palipolowa oili. Mteja akinusa oili kwenye tenga moja, anashusha bei ya matenga yote.

Njia hii ya leo inafanya kazi pia kwenye pampu ya umwagiliaji na pawatila: safisha, washa, fuata unyevu kwenda juu, anza na kilicho rahisi. Jumamosi hii tandika boksi chini ya gari, na Jumapili asubuhi ulisome. Matokeo yaandike ukurasa uleule unaoandikia mbolea na dawa, maana yote ni gharama ya kilo moja ya nyanya.